Duara Halimwandai Mtu Kupanda Kibo

Kiangazi kikiingia, swali ni lilelile. Anakuja mtu mwenye kifua kipana na afya ya kuonekana, anataka kupimwa kabla ya kwenda Kilimanjaro. Nikianza tu habari za mwinuko, ananikatiza: "Daktari, mimi mtu wa duara. Hewa ndogo nimeizoea. Vidonge vya nini?" Hapa Geita safari hiyo si ngeni. Tangu 2002 mgodi wa GGML umekuwa ukiandaa upandaji wa mlima huo kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na wapo wanaokwenda kwa fedha zao, hasa kuelekea Desemba 9. Wengi huchagua njia ya Marangu kwa sababu ndiyo yenye vibanda vya kulala: Mandara kwenye mita 2,700 hivi, Horombo 3,700, Kibo 4,700.

Jibu langu ni hapana. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, halikuandai kwa mlima. Na baadhi yenu, miaka ya duarani ndiyo itakayowaponza huko juu.

Tuanze na hewa yenyewe, maana hapo ndipo imani hii inapoanguka. Kituo cha Kibo kina hewa yenye oksijeni asilimia 21, sawasawa na stendi ya Geita. Kinachopungua mlimani ni mgandamizo. Hewa imetawanyika, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo: pumzi tatu za Kibo zinakupa kiasi unachopata kwa pumzi mbili ukiwa Geita. Chini ya ardhi mambo yanakwenda kinyume. Kadiri unavyoshuka ndivyo mgandamizo unavyoongezeka. Fundi aliye kilomita moja chini katika mgodi wa Bulyanhulu, penye feni kubwa za kusukuma hewa safi, yuko karibu na usawa wa bahari, anavuta hewa nzito kama ya mtu wa Dar es Salaam. Huyo hajazoea mwinuko. Amezoea kinyume chake.

"Lakini duara letu halina feni," wananijibu watu wa Rwamagasa na Nyarugusu. Kweli, na hewa yake ni mbaya. Ila ubaya wake ni wa aina nyingine. Duara la mita 50 halibadilishi mgandamizo kwa kiasi cha kusema. Hewa ya mle huharibika kwa sababu oksijeni imetumika au imesukumwa na gesi nyingine, na baada ya kulipua, moshi wa baruti huleta kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na damu na kuizuia isibebe oksijeni. Ndiyo maana wazee wa kazi hushusha mshumaa kwanza: oksijeni ikishuka hadi asilimia 16 au 17, mshumaa unazimika, na mtu hateremki. (Kaboni monoksidi mshumaa hauioni, na hilo limeua watu.) Sasa upeleke mshumaa huohuo Kibo. Utawaka vizuri. Majiko ya wapishi yanawaka vizuri pia, na pembeni yake kijana mwenye misuli anatapika, kichwa kinamgonga, hawezi kufunga kamba za viatu. Dalili uliyofundishwa kuiamini chini ya ardhi haikwambii lolote kule juu.

Halafu kuna suala la muda. Mwili hujizoesha mwinuko kwa kuukaa, siku baada ya siku, mchana na usiku: pumzi inaongezeka, figo zinarekebisha chumvi za damu, kisha chembe nyekundu zinazidi. Saa chache za hewa mbovu kwa zamu, ukitoka unavuta hewa kamili ya nyumbani, hazijengi chochote kati ya hayo. Na aliyewahi kuzimia mle akavutwa kwa kamba hakupata mazoezi. Alinusurika.

Linaloniumiza zaidi ni mapafu. Dhahabu yetu inakaa kwenye mwamba wa kwatzi, na kutoboa mwamba huo ukiwa mkavu, au kusimama kwenye karasha bila kinga, hutoa vumbi laini linalozama hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Makovu hayo hayaponi, na hukaribisha kifua kikuu. Mwenye nao anaweza kucheza mpira Geita na asijue, kwa kuwa mapafu yana akiba kubwa. Kibo huihitaji akiba yote. Kwa hiyo yule anayejiona salama kwa sababu ya miaka 15 ya uchimbaji ndiye ninayemtaka apige picha ya kifua kabla hajalipa hata shilingi ya safari.

Kitunguu saumu, tangawizi, glukosi, kopo dogo la oksijeni la kupulizia mdomoni: hakuna kinachochukua nafasi ya kupanda taratibu. Gongo ya kufukuza baridi hudhoofisha pumzi usingizini, wakati unapoihitaji zaidi.

Ya kufanya, basi. Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Marangu inakupandisha 1,000, kwa hiyo chukua siku sita badala ya tano, ile ya ziada ulale Horombo, utembee mchana kuelekea Mawenzi na urudi. Ukiweza, tangulia Mlima Meru, nao una vibanda, Miriakamba na Saddle, kisha uende Kilimanjaro siku zinazofuata. Asetazolamaidi, ambayo wengi huijua kama Diamox, miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, kwa ushauri wa daktari. Mwambie kama dawa za salfa hukudhuru. Mwenye selimundu asiende, na kanda yetu ina wengi, kwa hiyo pima. Mwenye nguvu aache kuwatangulia wenzake, maana mazoezi hayamkingi mtu na mwinuko na mwendo wa haraka humwangusha mapema.

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, usipande zaidi hadi dalili hizo ziishe. Mwongozaji akuambie utembee kisigino mbele ya kidole kwenye mstari ulionyooka. Ukiyumba, ubongo unavimba. Ukihema ukiwa umekaa, au ukikohoa povu, mapafu yanajaa maji. Katika hali hizo mbili mgonjwa hapewi nafasi ya kulala aone asubuhi itakuwaje: anashushwa saa hiyohiyo, usiku na baridi yake, akiwa na oksijeni kama ipo, mpaka Horombo au chini zaidi.