Kasi ya gari uwanjani si kasi yake barabarani

MABISHANO kuhusu gari lipi lina kasi zaidi hayaishi. Yanasikika katika vituo vya bodaboda, vibanda vya vinyozi na gereji za mjini Kisii, na aghalabu hoja inayotolewa ni tarakimu moja tu: nguvu za injini, kasi ya juu, au muda ambao gari lilitumia kuuzunguka uwanja fulani wa mbio huko Ulaya.

Tarakimu hizo zinaweza kuwa sahihi kabisa. Hata hivyo, kila moja hujibu swali lake, na mara nyingi swali hilo si lile ambalo dereva wa Itumbe, Ogembo au Keroka anafaa kuuliza. Kijana anayenunua gari la kasi kwa kutegemea matokeo ya uwanjani, kisha akataka kuyathibitisha katika barabara ya Kisii kwenda Kilgoris, anauchukua mtihani wa mahali pengine na kuufanyia mahali ambapo mwenye kufeli huweza kulipa kwa uhai wake au wa mwenzake.

Ni vyema basi kueleza jinsi magari ya kifahari ya mbio yanavyolinganishwa, na kwa nini historia ya Kenya yenyewe inatufunza kuzisoma tarakimu hizo kwa tahadhari.

Nguvu na uzito

Jambo la kwanza ambalo watengenezaji hutangaza ni nguvu za injini, zinazohesabiwa kwa nguvu za farasi. Lakini nguvu pasipo kutaja uzito hazielezi mengi. Gari zito lenye injini kubwa linaweza kuachwa nyuma na gari jepesi lenye injini ndogo, hasa penye kona nyingi.

Tuchukue magari mawili yaliyovuma. McLaren F1 ya Uingereza, iliyotengenezwa katika miaka ya 1990, ilikuwa na nguvu za farasi 627 na uzito wa takriban kilo 1,140. Bugatti Veyron ya Ufaransa, iliyoingia sokoni mwaka wa 2005, ilikuwa na nguvu za farasi 1,001 na uzito wa takriban kilo 1,888. Ukigawanya nguvu kwa uzito, McLaren inapata farasi 550 kwa kila tani, na Bugatti inapata 530. Gari lililoonekana kuwa na nguvu nyingi zaidi linaishia kuwa nyuma kidogo.

Ama kuhusu kasi ya juu, McLaren ilifikisha kilomita 386 kwa saa mwaka wa 1998, nayo Bugatti ikafikisha 407 mwaka wa 2005. Nguvu 374 za ziada zilileta nyongeza ya kilomita 21 tu. Sababu ni upepo. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu zinazohitajika kuushinda upepo huongezeka mara nane. Ndiyo maana kadiri gari linavyokaribia kilele chake, ndivyo kila kilomita moja zaidi inavyokuwa ghali.

Saa ya Nürburgring

Kwa kuwa kasi ya juu haielezi jinsi gari linavyopiga kona wala linavyofunga breki, watengenezaji wengi hupendelea kupima muda wa mzunguko mmoja katika uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani. Uwanja huo una urefu wa zaidi ya kilomita 20, una kona nyingi, na unapanda na kushuka milima. Anayeutazama kwa mbali anaweza kudhani ni mizani isiyo na dosari.

Lakini hata mizani hiyo huzua utata. Mwaka wa 2008, kampuni ya Nissan ya Japani ilitangaza kwamba gari lake la GT-R lilizunguka uwanja huo kwa dakika 7 na sekunde 29. Baadaye mwaka huo, Porsche ya Ujerumani ilisema ilinunua gari kama hilo, ikalijaribu, na kupata dakika 7 na sekunde 54. Nissan iliyakataa matokeo hayo. Gari la aina moja, uwanja ule ule, na tofauti ya sekunde 25.

Tofauti ya namna hiyo huweza kutokana na mambo mengi: dereva anavyoujua uwanja, aina na umri wa tairi, joto la lami, mafuta yaliyomo tangini. Tairi peke yake, zikiwa laini na zenye kung'ang'ania lami, huweza kupunguza sekunde nyingi katika mzunguko mrefu kama huo.

Hata urefu wa mzunguko wenyewe haukuwa sawa nyakati zote. Kwa miaka mingi watengenezaji walipima umbali wa kilomita 20.6, wakiacha kipande kifupi, kabla ya kilomita 20.832 kuanza kutumika mwaka wa 2019 kama kipimo cha kawaida. Hivyo basi, mtu akilinganisha dakika 6 na sekunde 57 za Porsche 918 Spyder za mwaka wa 2013 na dakika 6 na sekunde 29 za Mercedes-AMG One za mwaka wa 2024, analinganisha safari mbili za urefu tofauti. Gari la pili lina kasi zaidi, ila pengo halisi ni kubwa kuliko linavyoonyeshwa na saa.

Safari Rally ilivyowaumbua wakubwa

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Ujerumani kutafuta ushahidi. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka wa 1953, yamekuwa mahakama ya magari kwa miongo mingi, na hukumu zake mara nyingi zilikwenda kinyume na matarajio ya wataalamu.

Porsche 911, gari linalotukuzwa kote duniani, lilimaliza la pili mwaka wa 1972 likiendeshwa na Sobiesław Zasada, nyuma ya Ford Escort ya Hannu Mikkola. Lilikuwa la pili tena mwaka wa 1974 chini ya Björn Waldegård, nyuma ya Mitsubishi Colt Lancer ya Mkenya Joginder Singh. Mwaka wa 1978 Porsche ilikuja na magari yaliyoinuliwa juu na kuimarishwa kwa ajili ya barabara zetu. Vic Preston Jr alishika nafasi ya pili, na ushindi ukachukuliwa na Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504.

Mwaka wa 1975 mambo yalikuwa yayo hayo. Lancia Stratos, gari lenye injini ya Ferrari lililokuwa likitawala mashindano ya dunia wakati huo, lilichukua nafasi za pili na tatu. Mshindi alikuwa Ove Andersson, naye pia katika Peugeot 504, gari ambalo Wakenya wengi walilijua zaidi kwa kubeba abiria.

Katika miaka ya 1980, Peugeot 205 Turbo 16, iliyosukumwa na magurudumu yote manne, ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka wa 1985 na 1986. Katika miaka hiyo miwili, Safari ilinyakuliwa na Toyota Celica iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee.

Siri ilikuwa nini? Safari ya zamani ilikuwa ya maelfu ya kilomita za vumbi, matope, mawe na mito. Mwaka wa 1963 na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Dakika moja iliyookolewa kwa kasi ilipotea mara kumi pale springi ilipokatika. Aliyeshinda ni yule ambaye gari lake lilivumilia, na ambaye alijua wakati wa kupunguza mwendo. Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano kati ya 1973 na 1982, zote katika magari ya Datsun, ni mfano bora wa hekima hiyo.

Haki inatudai tuongeze kwamba Waldegård hatimaye alishinda kwa Porsche 911 mwaka wa 2011, katika mashindano ya Safari ya magari ya zamani. Kwa hivyo kosa halikuwa katika jina la gari. Lililoamua ni iwapo gari liliandaliwa kwa barabara iliyokuwa mbele yake, na iwapo bahati nayo ilikubali.

Hewa ya milimani na breki za mteremkoni

Sasa tuyalete haya nyumbani. Kisii ni nchi ya milima, na mji wenyewe uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Gari lenye nguvu za farasi 200 mjini Mombasa hubaki na kama 167 likifika Kisii. Lenye turbo hupoteza kiasi kidogo zaidi. Tarakimu iliyochapishwa kwenye kijitabu cha gari haitaji mlima.

Zaidi ya hayo, gari la mbio hukaa chini mno. Tumbo lililo sentimita 12 hivi kutoka ardhini huleta utulivu kwenye lami nyororo, ila katika njia za Itumbe zinazopitiwa na malori ya majani chai, tuta moja linatosha kulikwamisha. Si ajabu kwamba Toyota Probox, ambayo hakuna atakayeipeleka Nürburgring, ndiyo inayopanda na kushuka milima hiyo kutwa kucha.

Jambo zito zaidi ni breki. Dereva aendeshaye kilomita 100 kwa saa husafiri karibu mita 28 kila sekunde. Akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, tayari amekwenda mita 42. Gari la kawaida kwenye lami kavu litahitaji mita nyingine kama 49 ili kusimama. Jumla ni mita 91.

Kwa kilomita 160 kwa saa, hesabu hiyo hupanda hadi karibu mita 193. Hata gari la kifahari lenye breki bora na tairi mpya litahitaji kama mita 158. Yaani gari bora kabisa, kwa kasi hiyo, husimama mbali zaidi kuliko gari la kawaida linalokwenda kwa kilomita 100. Mvua ikinyesha au lami ikiisha, umbali wa kufunga breki huweza kuongezeka maradufu. Na katika uwanja wa mbio hakuna mtoto wa shule avukaye, wala mama aliyejitwika mkungu wa ndizi, wala bodaboda inayochomoka kichochoroni.

Maswali ya kuuliza

Anayetaka kulinganisha magari kwa busara hana budi kuuliza: Kipimo hiki kilifanywa wapi, na kwa umbali gani? Tairi zilikuwa za aina gani? Nani alikuwa usukanini? Gari lilikuwa jipya, au ni hili lililotumika kwa miaka saba ng'ambo kabla ya kuingizwa nchini kupitia Mombasa?

Kwa gari lililotumika, pesa za kwanza zielekezwe kwenye tairi, breki na springi kabla ya kitu chochote cha kuongeza nguvu za injini. Na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu gari la kibinafsi kupita kilomita 110 kwa saa hata kwenye barabara kuu zilizo bora, kilomita 200 na zaidi zilizoandikwa kwenye kipimamwendo hazina pa kutumika ila uwanjani.

Tarakimu za uwanjani zinaeleza kile ambacho gari linaweza kufanya mbele yake pakiwa patupu. Barabara za Kisii hazijawahi kuwa tupu.