Kufundisha Kupima Gharama na Manufaa: Mfano wa Moshi wa Magari

Mwanafunzi akiulizwa jinsi ya kupunguza moshi wa magari mjini, hujibu upesi: "Tununue mabasi mapya." Jibu hilo si baya, ila halijakamilika mpaka aulizwe tena: fedha hizo zitaondoa moshi kiasi gani? Swali hili la pili laweza kufundishwa katika somo la hesabu la darasa la sita kwa ubao na chaki tu.

Mwalimu na abuni mji, kisha aandike hatua mbili. Kutengeneza injini za malori mabovu hugharimu shilingi milioni 20 kwa mwaka na kuondoa tani 10 za masizi. Kuweka mabasi mapya hugharimu milioni 300 kwa mwaka na kuondoa tani 50. Wanafunzi wakigawanya wataona kwamba hatua ya kwanza hugharimu milioni 2 kwa kila tani, na ya pili milioni 6. Basi ya kwanza itangulie. Lakini mwalimu asiishie hapo. Aulize: ikiwa mji hauna budi kuondoa tani 30, injini pekee zitatosha? Hazitoshi. Kilicho rahisi huenda kisitoshe.

Tena, manufaa hayapimwi kwa tani peke yake. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ililinganisha gharama za viwanda vya kusafishia mafuta na faida za afya, ikaona faida zazidi mno. Ikaamuru risasi ipunguzwe kutoka gramu 1.10 hadi 0.10 kwa galoni kuanzia Januari 1986. Hatua hiyo iliyafikia hata magari makuukuu, bila kumnunulia mtu gari jipya. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Aljeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu wasimalize somo hili kabla ya wanafunzi kujibu maswali matatu: Kila tani yagharimu kiasi gani? Hatua hii yatosha? Ni afya ya nani inayookolewa? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatadanganywa na bei ndogo, wala hatatishwa na bei kubwa.