Laazizi Wako na Roboti Yake

Hivi mwandani wako akikwambia likizo hii hakuna kusafiri, eti anakwenda kushinda maabara na maroboti, utamwelewa? Kuna walimu Marekani walioyaleta mazungumzo hayo mezani kwao.

Mwaka 2003, pale Brooklyn, New York, chuo cha Polytechnic (siku hizi NYU Tandon) kilianzisha mradi wa SMART kwa fedha za NSF, shirika la serikali linalogharimia utafiti wa sayansi. Walimu wa shule waliingia maabara wakati wa kiangazi kujifunza mekatroniki, yaani mitambo, umeme na kompyuta vikioana.

Ndoa hiyo nayo ina vituko. Chukua roboti ya magurudumu mawili. Unaiamuru iende moja kwa moja, yenyewe inapinda kushoto. Kumbe mota mbili za aina moja hazizunguki sawasawa, na gurudumu moja linateleza. Dawa ni sensa inayopima kila mara roboti imepotoka kiasi gani, na programu inayoongeza au kupunguza nguvu za mota. Ukirekebisha kidogo mno, inagonga ukuta. Ukizidisha, inayumba kama mlevi. Mwalimu aliyezoea kuwa na majibu yote, hapo hana. Na anayemwelekeza pengine ni mwanafunzi wa uzamili, rika la wadogo zake! Wengine jambo hilo huwarudishia ujana, mimi naamini hivyo kabisa.

Lakini nyumbani je? Walimu wengi wa huko mkataba wao ni wa miezi kama kumi, hivyo kiangazi ndio msimu wa kusaka vibarua, na watoto nao wamefunga shule. Miradi ya aina hii hutoa posho, sawa, ila posho haipiki wala haiogeshi mtoto.

Kwa hiyo jamani, ongeeni kabla fomu haijajazwa: nani atabaki na watoto, posho itaziba pengo gani, na Jumapili ni ya nani. Asiyesema mapema ndiye anayenuna Julai nzima. Nawe uliyebaki, usimpokee kwa "umechelewa" tu. Omba siku moja akupeleke ukaione hiyo roboti, na jioni muulize leo imegonga ukuta mara ngapi.