Wito wa Mwanamke katika Huduma za Kanisa



Wapendwa Taifa la Mungu, asubuhi ya Ufufuko Bwana alimwita Maria Magdalena kwa jina lake, akamtuma kwa mitume. Mwinjili Luka anatueleza kwamba maneno ya wanawake yalionekana kuwa upuuzi, wala hawakusadikiwa. Ujumbe ulikuwa wa kweli. Kasoro ilikuwa katika masikio ya wasikilizaji. Je, sisi nasi hatuna masikio hayo?

Mtume Paulo, katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, anaanza na Foibe, mhudumu wa Kanisa la Kenkrea, akiomba apokewe na kusaidiwa. Naye Prisila, pamoja na mumewe Akwila, walimfafanulia Apolo, mhubiri hodari wa Maandiko, Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hatusomi popote kwamba Apolo aliona aibu kufundishwa na mwanamke.

Mama Kanisa ameendelea kutufungulia njia. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu ya Maria Magdalena, tarehe 22 Julai, kuwa sikukuu. Januari 2021 alirekebisha kanuni ya 230 ya Sheria za Kanisa, ili wanawake nao waweze kupewa rasmi huduma za Usomaji na Utumishi wa Altare. Mei mwaka huo huo akaweka huduma rasmi ya Katekista kwa walei, wanaume kwa wanawake. Tuelewe vema: msingi wa huduma hizi ni Ubatizo, si Daraja Takatifu. Upadre umewekwa kwa wanaume, kama alivyothibitisha Papa Yohane Paulo II mwaka 1994. Lakini fundisho hilo tusiligeuze kufuli la kufungia milango ambayo Kanisa limeifungua.

Mazoea yetu tunayajua. Katika jumuiya ndogo ndogo, mara nyingi mama ndiye anayekusanya watu, anayeongoza sala, anayejua nani mgonjwa na mtoto yupi hajabatizwa. Siku ya uchaguzi tunamtafuta mwanamume, hata asiyehudhuria, awe mwenyekiti. Mama tunamwachia sufuria na maua ya altare. Kigangoni katekista mwanamke hufundisha mwaka mzima, na semina inapofika anatumwa mwingine. Hapo hatumdhulumu yeye peke yake. Tunawanyima wakatekumeni mwalimu aliyeandaliwa, na karama ya Roho Mtakatifu tunaizika ardhini.

Basi, tunapochagua viongozi, tutazame karama na uaminifu. Halmashauri za parokia ziwagharimie makatekista wanawake mafunzo sawasawa na wanaume. Nanyi kina mama, mkiitwa kuongoza, msikatae kwa kuona haya.

Wengine walipodharau habari ya wanawake, Petro aliinuka akakimbilia kaburini. Nasi tuinuke, tusadiki, twende.

Amina.