Studio ya Nyumbani (4): Amplifaya ya Hedifoni na Kiti cha Fundi Kariakoo

Saundi kadi tulizimaliza katika sehemu ya tatu, na niliahidi kwamba leo ni zamu ya amplifaya ya hedifoni kwa mwenye mfuko mwembamba. Ahadi naitimiza, ila wasomaji waniwie radhi nikipita njia ndefu. Kariakoo bado inazungumzia ile amri ya serikali ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Wengi wanaitaja kwa sababu ya maduka ya rejareja. Mimi jicho langu liliganda kwenye kipengele kingine: ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki nao umeachiwa raia peke yao.

Jumamosi nilimsindikiza mpwa wangu, mwenye studio ya chumba kimoja Kigamboni, kwenda Kariakoo kutafuta amplifaya. Tulishuka pantoni pale Feri, mnada wa samaki ukiwa umepamba moto, tukapanda daladala hadi Msimbazi. Winga, dalali wa mtaani, akatudaka kabla hatujavuka barabara. "Mzee wangu, njoo Aggrey, ipo ya besi ya kutikisa vikombe!" Tukapelekwa kwenye kijiduka cha mtaa huo wa Aggrey, tukaonyeshwa kiboksi cha ukubwa wa mche wa sabuni. Ubavuni kimeandikwa wati 200. Kinatumia umeme wa chaja ya simu. Nikaigeuza chaja yenyewe, nikamwonyesha kijana: volti 5, ampea 1. Kuzidisha ni hesabu ya shule ya msingi. Jibu ni wati 5. Hizo 195 nyingine zinatoka kwa nani? Kijana akacheka, akashusha bei. Hakuona kwamba kuna kosa lolote zaidi ya bei, na hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Nikaomba risiti tu, nione. Akasema mashine ya risiti imelala.

Wenzangu wa rika langu wanakumbuka kwamba jiji hili halikuwa la kufungua maboksi tu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 humu humu Kariakoo, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, kisha Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) mwaka 1965. Redio za National ziliundwa hapa Dar, na za Philips ziliundwa Arusha. Sisemi kila kipande kilitengenezwa hapa, la hasha. Lakini palikuwa na vijana waliojua kipande gani kinakaa wapi na kwa nini. Redio ikinyamaza, ilibebwa mtaani kwa fundi, akaifungua, akainusa (ndiyo, akainusa, kwa sababu rezista iliyoungua ina harufu yake), akachomelea risasi, ikaimba.

Na RTD kule Barabara ya Pugu! Kwa miaka mingi bendi ya bara iliyotaka kurekodi ilikuwa na mlango huo, au safari ya Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika, safari hiyo nayo ikawa mtihani hadi 1983. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikulia katika miaka hiyo ya dhiki. Bendi iliingia studio nzima, wapiga gitaa, tarumbeta na waimbaji, ikapiga kwa pamoja. Hapakuwa na nafasi ya kurekebisha kesho yake. Fundi mitambo alivaa hedifoni, akasikiliza, akamwambia mtu wa tarumbeta arudi nyuma hatua mbili. Kanda zile zisikilizeni leo: maneno yanasikika yote. Nimewahi kumwekea mpwa wangu mojawapo, akauliza walitumia programu gani. Nikamwambia walitumia masikio.

Haya, twende kwenye kununua. Kwanza soma omu (upinzani) za hedifoni yako. Ikiwa ni kati ya 32 na 64, saundi kadi uliyonunua kwa ushauri wa sehemu iliyopita inakutosha, na pesa yako irudi mfukoni. Wenye Beyerdynamic DT 770 ya omu 250 ndio huambiwa bila amplifaya hawatasikia kitu. Tupige hesabu. Hedifoni hiyo hutoa takriban desibeli 96 kwa miliwati 1, ambayo ni nusu volti tu. Ukiipa volti 1, unafika desibeli 102. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu. Kwa 102 mfululizo umebakiwa na robo saa hivi kwa wiki nzima! Vijana wanaochanganya singeli usiku kucha wakiwa wameibana hedifoni kichwani wasome sentensi hiyo mara mbili.

Amplifaya inahitajika kwa sababu mbili. Moja, waimbaji ni wengi na tundu ni moja. Mpwa wangu anarekodi kwaya ya watu wanne, kwa hiyo tulichukua Behringer HA400, yenye matundu manne na adapta ya volti 12. Si ya kujivunia, lakini inafanya kazi yake. Mbili, huenda saundi kadi yako ina impidensi kubwa ya kutolea sauti. Kanuni ni kwamba isizidi sehemu ya nane ya omu za hedifoni: kwa hedifoni ya 32, isizidi 4. Boksi lisilotaja namba hiyo liache dukani. Kisha jaribu bila muziki: fungua sauti mpaka mwisho, sikiliza mvumo na msosomo. Kaunta za Aggrey hazina ukimya wa jaribio hilo. Omba uingie stoo, katikati ya maboksi.

Mwaka 2011 fundi mmoja asiyejitaja jina, aliyejiita NwAvGuy, alichora amplifaya ndogo iitwayo O2, akaitoa michoro yake bure kwa walimwengu, vipimo vyote vikiwa wazi. Mwaka uliofuata akanyamaza moja kwa moja. O2 inaweza kutumia betri mbili za volti 9, kwa hiyo umeme ukikatika kwaya inaendelea. Hakuna kipande ndani yake ambacho fundi wa Kariakoo hawezi kukichomelea.

Amri imetupa kiti cha fundi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ipo hatua chache kutoka Mnazi Mmoja, na vijana wake wanajua kusoma mchoro. Nawaomba walimu wa pale: wapeni wanafunzi O2 kama kazi ya muhula mmoja, kisha muwalete Aggrey wakaiuze, na risiti juu. Ya kwanza nitainunua mimi.

Sehemu ijayo: maiki.