Kuhifadhi na Kupata Vidahizo Katika Orodha ya Tarakilishi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejaribu kuunda kamusi ndogo ya kielektroniki hugundua mapema kwamba neno peke yake halitoshi. Kwa tarakilishi, "jicho" ni mfuatano wa herufi tano tu. Kidahizo kina mengi zaidi: neno lenyewe, ngeli yake, umbo la wingi na maana. Katika lugha za programu kama vile Java na Python, taarifa hizi hufungwa pamoja zikawa kitu kimoja, na vitu vya namna hiyo hukusanywa katika orodha.

Katika Java, orodha inayotumiwa sana na wanaoanza ni ArrayList, iliyoletwa na toleo la 1.2 mwaka wa 1998. Amri ya "add" huongeza kitu mwishoni mwa orodha, na "get" hukileta kwa namba ya nafasi yake. Hesabu huanzia 0. Orodha yenye vidahizo vitatu ina nafasi ya 0, 1 na 2. Anayeomba nafasi ya 3 huona programu ikikatika. Jambo hili huzoeleka upesi.

Hadi toleo la 5 lilipotolewa mwaka wa 2004, orodha haikutambua aina ya vitu ilivyobeba, na kosa la kuchanganya kidahizo na tarakimu lilijitokeza programu ikiwa tayari inaendeshwa. Tangu hapo orodha hutangaziwa aina yake mwanzoni, na kitu kisichoafiki hukataliwa mapema. Mwanasarufi ataona hapa jambo linalokaribia upatanisho wa kisarufi.

Utata mkubwa uko kwingine. Orodha haibebi kitu chenyewe bali rejeleo la kitu hicho, mithili ya kadi ya maktaba inayoonyesha rafu kilipo kitabu. Zingatia mistari hii:

Kidahizo k = new Kidahizo();
k.neno = "mti";
orodha.add(k);
k.neno = "jicho";
orodha.add(k);

Anayeanza hutarajia kupata "mti" katika nafasi ya 0 na "jicho" katika nafasi ya 1. La hasha! Nafasi zote mbili hutoa "jicho". Amri ya "new" imetumika mara moja, kwa hivyo kitu kilichoundwa ni kimoja. Orodha ina kadi mbili zinazoelekeza kwenye rafu ileile, na kitabu kilichoko hapo kimeandikwa upya. Mtu akisoma maneno mia tano kutoka kwenye faili kwa mtindo huu, atapata kamusi yenye neno la mwisho likirudiwa mara mia tano, wala tarakilishi haitalalamika. Dawa ni kuunda kidahizo kipya kwa "new" kila neno jipya linaposomwa, kabla ya kukiongeza.

Hata hivyo, sifa hii si kasoro. Kidahizo kikiwa katika orodha ya nomino na pia katika orodha ya viungo vya mwili, ngeli yake ikisahihishwa mara moja, marekebisho huonekana kote kuwili.

Hali kadhalika, kutafuta kwa maudhui kunahitaji uangalifu. Mtu akiunda kidahizo kipya chenye neno "mti" kisha akaiuliza orodha kwa amri ya "indexOf" kiko wapi, jibu ni -1, yaani hakipo, ijapokuwa "mti" umo. Java hulinganisha marejeleo, na haya ni marejeleo ya vitu viwili tofauti. Mwandishi wa programu hana budi kuieleza, kupitia "equals", kwamba vidahizo viwili ni sawa iwapo neno na ngeli zao zinalingana. Neno pekee halifai: "kaa" la baharini na "kaa" la moto yangehesabiwa kuwa kidahizo kimoja.