Usukani wa Land Rover ya Zamani: Utengeneze, Ununue Mtumba au Uagize Mpya?

Ufa wa kwanza niliusikia kwa kiganja kabla sijauona kwa jicho. Tulikuwa tunapanda kutoka Mang'ola, pikapu imebeba magunia ya vitunguu, nikakata kona ya kushoto na kitu kikanikwaruza chini ya kidole gumba. Plastiki nyeusi ya usukani ilikuwa imepasuka pale mkono wa chuma unapoingia kwenye duara, na ukingo wa ufa ulikuwa mkali kama kigae. Jioni, tukiwa tumeshafika Karatu, niliukagua usukani wote kwa tochi. Nyufa tano, na mbili kati yake zilikuwa zimefika kwenye chuma cha ndani, kutu imeanza.

Gari ni Land Rover 109 Series IIA ya 1969, mali ya baba mdogo, na bado linafanya kazi kila wiki. Si gari la maonyesho. Nikaanza kuulizia bei ya usukani Arusha, Dar es Salaam na Nairobi, nikagundua kwamba swali la "usukani bei gani?" lina majibu yanayotofautiana mara tano au zaidi, na kwamba jibu la bei ya chini si lazima liwe la hatari, wala la bei kubwa si lazima liwe salama. Wenye magari haya bado ni wengi. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 liliyakusanya kwa mamia, na mengi yana usukani uliokaa juani nusu karne. Kwa ajili yao naandika hesabu yangu yote.

Jambo la kwanza halihitaji hela. Hakikisha tatizo lako kweli ni usukani. Watu wengi hununua usukani mpya kwa sababu gari "linacheza", yaani unauzungusha kidogo na magurudumu hayaitikii. Duara unaloshika haliwezi kusababisha hilo, isipokuwa kama limelegea kwenye shafti yake. Land Rover za Series zina fito tatu zinazopeleka mwendo kutoka boksi ya usukani hadi magurudumuni, na kila fito ina tairodi endi mbili. Hizo ni endi sita, tatu zenye uzi wa kulia na tatu za uzi wa kushoto. Katikati kuna riley, ile silinda iliyosimama ndani ya fremu ya mbele, ambayo ndani yake kuna springi yenye nguvu ya kuweza kumuumiza vibaya fundi anayeifungua bila kujua. Mwombe mtu auchezeshe usukani kushoto na kulia huku injini imezimwa, wewe ukiwa chini ya gari unatazama na kushika kila endi. Panapocheza utapahisi kwa vidole. Mimi nilikuta mbili zimechoka, na bei yake niliiweka kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sasa usukani wenyewe. Kipimo cha kuanza nacho ni upana. Usukani wa asili wa 109 una upana wa takriban inchi 17, na una sababu ya kuwa hivyo. Gari halina pawa ya usukani, matairi ni 7.50-16, na injini yote imekaa mbele. Nguvu ya mkono wako inazidishwa na umbali kutoka katikati ya usukani hadi ukingoni. Ukifunga wa inchi 15 badala ya 17, unahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 13 kupata mzunguko uleule. Ukifunga wa inchi 14, ule wa michezo unaopendwa na vijana, nyongeza inafika asilimia 21. Barabarani kwenye lami, gari likitembea, unaweza usione tofauti kubwa. Ingia sokoni na mzigo, geuza gari mahali pembamba likiwa limesimama, au toka kwenye korongo la mchanga, ndipo mabega yatakapokueleza maana ya hizo inchi tatu. Baba mdogo ana miaka 67 na ndiye anayeendesha mara nyingi. Kwangu hoja hiyo peke yake iliondoa chaguo la inchi 14.

Kipimo cha pili ndicho kinachopoteza fedha za watu, nacho ni kitovu. Ncha ya shafti ya usukani imechongwa meno membamba, na ndani ya kitovu cha usukani kuna meno yanayopokeana nayo. Idadi na ukubwa wake lazima vilingane kabisa. Kwenye Series II na IIA, kitovu kinashikwa na bolti ya kubana iliyopita ubavuni. Kwenye Series III, iliyotoka kuanzia 1971, kinashikwa na nati ya katikati. Defender nazo zipo za aina mbili, zenye meno 36 na zenye meno 48, na usukani wa moja hauingii kwenye nyingine. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "huu wa Landrover, unaingia zote", mwombe uugeuze, uhesabu meno, na uangalie kama kuna nafasi ya bolti ya ubavuni. Nenda dukani na usukani wako wa zamani mkononi. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu meno 36 na 48 kwenye picha yanafanana.

Nilipokuwa naulizia, duka moja liliniuzia kitovu cha kuunganishia kwa TSh 60,000 nikihakikishiwa kwamba ni cha IIA. Kilikuwa cha Defender. Walikataa kukipokea tena. Fundi mmoja akajitolea kukichonga ndani kwa tupa ili kiingie, na alikuwa na nia njema kabisa. Nilikataa, na ningekataa tena. Meno yaliyochongwa kwa tupa yanashika mahali pachache tu, na pale yanaposhika yanaliwa haraka. Siku yatakapoteleza utakuwa unazungusha usukani na gari linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda.

Nilibaki na njia nne, na nitazieleza kwa mpangilio wa jinsi nilivyozifikiria, si wa bei.

Ya kwanza ilikuwa usukani wa michezo wa madukani, mpya, wa ngozi ya bandia, unaofungwa na bolti sita ndogo juu ya kitovu cha kuunganishia. Dar es Salaam nilitajiwa TSh 95,000. Hiyo bei haina kitovu. Kitovu cha IIA hakikupatikana, na fundi wa kukereza alitaka TSh 80,000 kutengeneza kimoja kwa kukata kitovu cha usukani wa zamani na kukichomelea sahani. Jumla TSh 175,000, na matokeo yake ni usukani mdogo kupita kiasi unaosimama juu ya mshono wa kuchomelea. Mshono ule unaweza kuwa mzuri sana au kuwa na tundu ndani ambalo hakuna anayeliona. Sina neno laini la kusema hapa. Usichomelee sehemu yoyote ya usukani.

Zipo kampuni za Uingereza kama Mountney na Moto-Lita zinazotengeneza sukani bora pamoja na vitovu vya kiwandani kwa magari ya zamani. Moto-Lita hutengeneza kwa mikono, kwa mbao na ngozi, na ni kazi ya kupendeza kweli. Kwa gari la kutembelea Jumapili ningeifikiria. Kwa gari la vitunguu, usukani wa mbao ulioanikwa kwenye jua la Mang'ola unahitaji matunzo ambayo hatutaupa.

Njia ya pili ni mtumba wa asili. Arusha nilionyeshwa mmoja wa TSh 120,000, na Nairobi, kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga, mwingine wa KSh 6,500, ambazo kwa hesabu ya siku hiyo zilikuwa karibu TSh 130,000. Nauli na usumbufu wa mpaka wa Namanga ni juu yako. Faida ni kwamba upana ni sahihi, kitovu ni sahihi, na batani ya honi inakaa mahali pake. Kasoro ni kwamba huo mtumba umekaa juani miaka ileile uliyokaa wa kwako. Ule wa Arusha ulikuwa umepakwa rangi mpya inayong'aa. Niliubana kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nguo, nikasikia mlio mdogo wa kitu kilichoachana ndani. Nilipokwangua rangi kwa ukucha, chini yake palikuwa na puti. Ukienda kununua mtumba, ukague pale mikono ya chuma inapoingia kwenye duara, kwa sababu huko ndiko chuma na plastiki huvutana joto linapopanda na kushuka. Usukani uliopakwa rangi karibuni uutilie shaka. Ulio mchafu wenye nyufa zinazoonekana ni wa kweli zaidi, na unaupatania vizuri.

Njia ya tatu ni kuagiza mpya wa mfano wa zamani kutoka Uingereza, ambako spea za magari haya bado zinatengenezwa. Bei niliyotajiwa ilikuwa pauni 60, na usafirishaji pauni 45. Kwa kiwango cha shilingi 3,400 kwa pauni nilichotumia, hizo ni TSh 357,000. Hapo watu wengi husimamisha hesabu, kumbe haijaisha. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na usafiri na ushuru. Hata ukiuweka kando ushuru wa forodha, VAT peke yake ni TSh 64,260, na jumla inafika TSh 421,260 kabla ya ushuru na malipo ya wakala. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka huko na nafasi kwenye begi, gharama ya usafiri inapungua sana, na hii inakuwa njia nzuri kuliko zote. Taja toleo la gari na mwaka, na uliza kwa maandishi kama kitovu ni cha bolti ya ubavuni au cha nati.

Ya nne ni kutengeneza wa kwako, na ndiyo niliyoichagua. Sharti lake ni moja. Chuma cha ndani lazima kiwe kizima. Kama fito ya ndani imekatika, mkono umelegea kwenye kitovu, au meno yameliwa, usukani huo umekwisha na rangi haitausaidia.

Kuutoa kulinichukua muda mrefu kuliko kuutengeneza. Niliweka magurudumu yatazame mbele, nikachora alama kwenye shafti na kitovu, nikachomoa waya wa betri kwa sababu ya honi, nikanyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni na kuacha hadi asubuhi. Kisha bolti ya ubavuni ikatoka yote, si kulegezwa tu, na usukani ukavutwa kwa pula. Usiupige nyundo kutoka chini. Mapigo yanakwenda moja kwa moja kwenye bearingi na boksi, na hizo ni ghali kuliko usukani wowote niliouona.

Nyufa zinahitaji kupanuliwa kabla ya kuzibwa, jambo linaloumiza moyo kidogo. Nilizikata kwa msumeno mdogo hadi kwenye chuma, zikawa kama mfereji mpana juu na mwembamba chini, nikasugua kutu na kufuta mafuta yote ya mikono kwa spiriti. Nikajaza epoksi ya sehemu mbili ikapita juu ya uso, nikaiacha siku nzima, kisha tupa ya nusu duara, msasa namba 120, 240 na 400, na mwisho 800 kwa maji. Puti ya bodi usitumie. Ni ngumu lakini haivumilii kupindapinda, na ndiyo maana ule wa Arusha ulilia. Gundi ya haraka nayo inashika siku ya kwanza tu.

Epoksi ilinigharimu TSh 22,000, misasa na tupa TSh 9,000, praima na rangi ya 2K TSh 38,000, na kijana wa kupiga rangi TSh 15,000. Jumla TSh 84,000. Nikaongeza TSh 45,000 kwa fundi wa siti aliyeushonea ngozi halisi kuzunguka duara lote, ikafika TSh 129,000. Ngozi hiyo si urembo. Nguzo ya usukani ya Series ni bomba lililonyooka lisilojikunja gari linapogonga, kwa hiyo chochote kinacholainisha duara lililo mbele ya kifua cha dereva nakihesabu kuwa fedha iliyotumika vizuri. Kagua tu kwamba ngozi imevutwa ikakaza kabisa, kwa sababu ikizunguka mkononi ni hatari kuliko ufa.

Baba mdogo aliushika, akauzungusha hadi mwisho kila upande, akapiga honi, akauliza kilichobaki kati ya fedha alizonipa. Alikuwa ametenga TSh 300,000. Nikamtolea zile endi mbili zilizochoka nikaziweka juu ya boneti, akazitikisa mwenyewe kwa mkono. Mpya zilikuwa TSh 35,000 kila moja. Tulinunua nne, mbili za uzi wa kulia na mbili za kushoto, tukazifunga Jumamosi, na Jumatatu gari likateremka Mang'ola.